Akpevwe Amesafiri

Mtaa wa Okirighwre,
Sapele, Jimbo la Delta.
9 Juni 2023

Mpendwa mdogo wangu Efetobo,

Kwa unyenyekevu, na baada ya kushauriana na ukoo mzima, nakutangazia rasmi kwamba kiti cha uvivu cha marehemu Baba kimevunjika mguu. Nilikuwa nimekikalia. Mazishi yalifanyika jikoni, kilituivishia maharage.

Hujambo huko Winnipeg? Mkeo na mapacha wanaionaje hiyo baridi? Sisi tunapumua. Mama goti linamsumbua mvua zikianza, ila ulimi ni mzima kabisa.

Sasa lile ninalolizungukia. Akpevwe wetu amefungiwa kukimbia miaka miwili. Hakutumia kitu. Mtoto huyu tuliyeachiwa na dada yetu, hata panadoli humeza kwa kubembelezwa.

Unakumbuka alivyoshinda mita mia kwenye mashindano ya majimbo, akavuka mstari akiangalia nyuma kama mtu aliyeitwa? Tangu hapo wakamtia kwenye kundi la wanaopimwa dawa za kusisimua misuli. Lazima aseme kila siku saa fulani atakuwa wapi, ili wapimaji waje bila taarifa. Alichagua alfajiri, nyumbani, maana saa hiyo amelala tu chumba cha nyuma.

Wakaja. Nawe unaijua nyumba yetu: mgeni akimuulizia mtu, mtu huyo amesafiri. Tulijifunza enzi za wadai wa Baba, na tangu kijana wa jirani aitwe getini akatekwa, imekuwa sheria. Mama mwenyewe hunisimulia kwa fahari.

"Tunamtafuta Oghenakpevwe Edafe," akasema mwanamke mwenye begi.

"Nani kawatuma?"

"Mama, hiyo ni siri kidogo."

"Basi na yeye kasafiri kwa siri kidogo. Nendeni salama."

Hawakupiga hata goti kumwamkia, Efe. Na anayekupenda hakuiti kwa jina la cheti. Walikuja mara tatu ndani ya mwaka, mara tatu kasafiri, na kwa kanuni zao mara tatu zinatosha mtu kufungiwa. Maonyo yalikwenda kwenye barua pepe aliyofunguliwa na kocha, na kocha alishahamia Port Harcourt na nywila yake kichwani.

Mchujo wa timu ya taifa ni mwezi ujao. Chuo cha Marekani kilichomwahidi nafasi kimeacha kujibu. Rufaa nimekata, nikaeleza desturi ya nyumba yetu. Wamejibu kwamba desturi si udhuru.

Akpevwe halii. Anasugua masufuria yaliyokwisha takata. Juzi nilimwambia lazima Mama ajue.

"Mjomba, niachie," akasema. "Bibi akijua hatakula tena. Mwambie nimeumia msuli."

Basi kila jioni Mama anamkanda paja zima lisilouma kwa mafuta ya mawese, huku akisimulia alivyowafukuza watekaji. Hapo mimi hutoka nje kuangalia hali ya hewa.

Msalimie Ufuoma na hao mapacha. Shangazi Emuobo anakusalimu, na anauliza lini utarudi kuzeeka. Mungu akufunike kwenye theluji hiyo, na kila abishaye mlangoni kwako awe mtu unayemjua.

Kaka yako ambaye hajaacha kukupenda,
Ogaga

Viatu vya mbio ulivyomtumia vimefika leo. Vinamtosha.