Kaseti ya Pili Ilitangulia

Jumatatu, 6 Oktoba

Umeme umekatika tangu saa mbili asubuhi. Mashine ya fotokopi imelala. Wanafunzi wanaingia, wanaangalia mashine, wananiangalia mimi, wanaenda zao. Nikamalizia filamu ya jana kwenye simu. Mbaya. Kijana anaruka kutoka ghorofa hadi ghorofa kama nzi, na kamera haitulii hata kidogo. Hujui nani kapiga, nani kapigwa. Zamani mtu akirusha teke uliliona likitoka kwake, likipita njiani, likifika kwa mwenyewe. Ngumi ililia kama nguo mbichi inayopigwa kwenye jiwe. Tulijua ni uongo. Lakini ulikuwa uongo uliofanyiwa kazi.

Joto kali. Mvua bado.

Béatrice kaniletea chakula, bukari na matembele, hapa dukani. Kasema mume wa miaka hamsini na sita anatazama Wachina wakipigana badala ya kutafuta jenereta. Mke wangu ana haki. Sikumwambia.

Jumatano, 8 Oktoba

Mambo ninayoyaamini kuhusu filamu za karate. Shujaa lazima apigwe kwanza, apigwe vizuri, mpaka umwonee huruma. Akishinda mwanzoni, zima. Mwalimu awe mzee mwenye kikohozi. Adui awe na kicheko kirefu. Mapenzi yawe machache, ikiwezekana yasiwepo.

Naandika haya kwa sababu ya Mama Astrid, mjane wa Maître, mwalimu wetu wa karate. Leo kanipa kaseti mbili za video. Anasafisha nyumba, asema panya wanamshinda. Zile zile mbili. Juu ya moja, namba 1 kwa rangi nyekundu ya kucha. Juu ya nyingine, namba 2. Mwandiko wa Maître. Nilikaa nazo magotini kama mtoto wa watu.

Maître alifundisha karate katika uwanja wa parokia, kule Katuba. Jumamosi mchana, baada ya mazoezi, alifunga madirisha ya chumba chake kwa mablanketi, akawasha televisheni, tukaingia watu arobaini. Filamu ilikuwa moja tu, katika kaseti hizi mbili. Dereva wa lori alimletea kutoka mpakani. Kichina kitupu. Hakuna aliyeelewa neno, basi Maître alisimama kando akatueleza.

Kaseti ya kwanza: mtu mwenye kovu shavuni anarudi kijijini, anakuta nyumba imechomwa. Anapigana na kila mtu. Anawamaliza. Anapiga magoti kwenye makaburi. Kisha maandishi yanapanda, yanapanda. Maître alisema ni majina ya waliokufa. Sisi Wakatoliki tukafanya ishara ya msalaba.

Kaseti ya pili: mama anampakulia mtoto chakula. Maître alisema ni mke na mtoto wa yule mtu, miaka imepita. Halafu mtu mwenyewe anaonekana kwa mwalimu mzee, anafagia, anabeba maji kwa mti begani. Mshindi amerudi kuwa mwanafunzi ili aoshe damu aliyomwaga. Mwisho anaondoka na kifurushi chake, anacheka, barabara nyeupe mbele yake.

Nililia kila mara. Sijaona filamu nzuri kuliko ile.

Na ndiko ilikotoka desturi ya klabu. Ukipata mkanda mweusi, mwezi mzima unafagia uwanja na kuwatekea maji wanafunzi wote, hata wale walioanza jana. Nilifanya mwezi wangu kwa furaha.

Wa kwanza kupata mkanda alikuwa yaya Donat, kaka yangu mkubwa. Alikataa.

Ijumaa, 10 Oktoba



Asubuhi aliingia Nadine, yule binti anayewatafsiria wahandisi wa Kichina. Alileta mikataba ya kunakili. Akaziona kaseti juu ya meza, akasoma maandishi ya Kichina ya pembeni, akacheka. Akaniambia aliyeandika namba alikosea. Ile yenye 1 ni ya pili. Ile yenye 2 ni ya kwanza.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Akachukua simu yake, akaitafuta filamu, akaipata nzima, na Kifaransa chini. Inaanza na mama na mtoto. Inaishia makaburini.

Miaka yote ile tulianza na mwisho.

Yaya Donat aliliona kosa hilo wakati ule ule. Alisema mbele ya klabu nzima, Maître akiwepo: yule mtu kwenye mapigano ana kovu, kwenye kubeba maji hana. Kovu haliondoki. Kwa hiyo maji yalikuja kabla, na filamu imegeuzwa, na yeye hatabeba maji kwa sababu ya filamu iliyogeuzwa. Ndipo mimi, mdogo wake, nikasema kwa sauti: basi kumbe aliliosha kwa yale maji! Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Hata Maître alicheka. Tangu siku ile watoto wa mtaa walimwita Kovu. Hakurudi tena kwenye klabu. Mwaka uliofuata alihama nyumbani.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja. Tangu hapo tunaonana kwenye misiba. Tunapeana mkono.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya misa nilikwenda Kasungami, kwa yaya. Bustani yake kubwa kuliko nilivyokumbuka: lengalenga, kabichi, vitunguu. Odile, mke wake, alinipokea vizuri. Kaniambia Jumamosi ya tarehe 25 wanahamia Lukafu moja kwa moja, kulima huko kabla mvua haijashika. Lori wameshapata. Moyo ulinishuka. Lukafu si mahali pa kupitia kusalimia.

Yaya alikuwa anamwagilia. Nikamfuata katikati ya matuta nikimweleza habari yote, Nadine, kaseti, namba za rangi ya kucha. Nilicheka mwenyewe. Nikamwambia: yaya, ulikuwa na haki! Nilidhani atatupa ndoo, anikumbatie.

Hakuitupa ndoo. Alimaliza tuta, akaanza lingine. Akasema neno moja tu:

— Minajua.

Nikarudi mjini na vitunguu alivyonifungia Odile.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nina hasira. Nimetoka mbali kumpelekea ushindi wake, hakunipa hata kiti. Ana kiburi. Alikuwa na kiburi na mkanda, ana kiburi na kabichi.

Umeme upo. Nakala nyingi. Karatasi imekwama mara nne.

Jumatano, 15 Oktoba

Béatrice kaniuliza nilimwambia nini hasa yaya. Nikamsimulia neno kwa neno. Akaendelea kuchambua dagaa. Halafu:

— Ulienda kumuambia habari ya filme. Pardon uliomba saa ngapi?

Nilihesabu maneno yangu yote ya Jumapili, halikuwemo. Na nilikuwa nacheka. Mara ya pili nimemcheka mtu yule yule kwa jambo lile lile.

Nina aibu. Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimempigia yaya kwa simu ya Odile. Nikaomba msamaha. Niliomba vizuri, bila mzaha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema filamu aliisahau zamani. Kile kicheko, hapana.

— Ulinicheka mbele ya bantu, mudogo yangu. Sasa unakuya kuniomba pardon mu sikio.

Akarudisha simu kwa mke wake.

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali.

Jumapili, 19 Oktoba

Leo mchana nimeitazama filamu kwa mpangilio wake. Peke yangu, duka limefungwa, simu nimeiegemeza kwenye kalenda.

Ni filamu nzuri. Nakiri. Imejengwa vizuri: ukishajua kwamba yule mama ni wake, kila ngumi ina sababu. Mwalimu anakohoa kama inavyotakiwa. Kovu analipata njiani, kwa kisu, nusu ya pili inapoanza. Linaonekana wazi kabisa. Watu arobaini ndani ya chumba, mmoja tu aliliona.

Lakini inaisha vibaya. Ameshinda na hana mtu. Yetu iliisha barabarani. Sijui kama mtu anaruhusiwa kuipenda ile ambayo haikuwepo. Mimi naipenda.

Nakumbuka harufu ya mablanketi na jasho. Yaya akinishika mkono nisikanyagwe mlangoni. Alikuwa ananinunulia karanga na kula chache kuliko mimi. Hili nilikuwa nimelisahau kabisa.

Jumanne, 21 Oktoba

Wa klabu ya zamani tumebaki watano hapa mjini. Nimewaomba tukutane keshokutwa, saa kumi, uwanjani kwa parokia. Na Mama Astrid pia. Jules, ambaye sasa ni katekista, kauliza sababu. Nikamwambia. Kanijibu kwamba marehemu hasemwi, na kwamba Maître alitutoa barabarani sote, mimi wa kwanza. Kweli. Bila yeye ningekuwa mwizi. Nikimtetea yaya, namvua nguo Maître mbele ya mjane wake.



Yaya nilimtumia ujumbe kwa Odile: siku, saa, mahali. Ujumbe umesomwa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimesema.

Tulikaa kwenye mabenchi ya katekisimu. Yaya hakuja. Nilikuwa nimejidanganya kwamba atakuja. Nilisimama hata hivyo, nikavua viatu kama tulivyofundishwa, nikainama kwao. Nikasema Donat aliona kweli, sisi wote tulikuwa vipofu, na mimi, mdogo wake wa damu, nilimfanya achekwe mbele ya watu ili Maître anipende. Hiyo ndiyo sababu. Sikuwahi kuisema hata kwangu mwenyewe. Nilitaka Maître acheke.

Jules akasimama. Akaniambia nimekosa adabu kwa wafu. Akachukua kofia yake.

Mama Astrid akamwambia akae.

— Maître alijua, akasema. Donat alipoenda, aliangalia ile kaseti yeye peke. Mara tatu. Kovu, akaiona. Njo maana hakuionyeshaka tena. Aliogopa mutaondoka bote.

Ni kweli, baada ya yaya kuondoka hatukuiona tena. Maître alisema kichwa cha mashine kimechafuka. Tuliamini hilo nalo.

Nilimkasirikia Maître. Bado nimemkasirikia. Alikaa na jambo lile mpaka kaburini, na kaka yangu yuko Kasungami, safari ya asubuhi moja. Na bado nampenda. Vyote viwili vimekaa kwenye benchi moja, havisalimiani.

Jules alilia. Ndiye aliyesema tumtumie Donat sauti zetu. Simu ikapita mkono kwa mkono. Kila mmoja alisema jina lake na neno lake. Mama Astrid akamaliza: mwanangu, utusamehe, hata yule mwenye hayuko tena.

Nikatuma.

Ijumaa, 24 Oktoba

Hakuna jibu. Nimenakili kitabu kizima cha sheria kwa mwanafunzi mmoja, kurasa mbili mbili. Mvua ya kwanza imenyesha kidogo saa tisa, ikakata. Kesho wanaondoka.

Sitampigia. Nimesema niliyopaswa kusema, sasa ni zamu yake kunyamaza akitaka.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nilifungua saa mbili. Sikutaka kukaa nyumbani.

Saa tatu lori likasimama ng'ambo ya barabara, limejaa: magodoro, mabati, majembe, mbuzi mmoja. Odile alikuwa mbele na dereva, akanipungia. Tairi moja ilihitaji fundi. Yaya akavuka. Amezeeka zaidi mchana kuliko kwenye misiba. Akaingia, akaangalia mashine, akaangalia kuta, akakaa kwenye kiti cha wateja.

— Fundi anasema itachukua saa moja, akasema.

Nikamwambia karibu, yaya.

Hatukuongea habari ya Alhamisi. Niliona tu kwamba kanyoa ndevu na kavaa shati la kanisani kwa safari ya lori. Nilitaka kulia, nikapanga karatasi. Baadaye akaniuliza kama ile filme iko kwenye simu. Nikaiegemeza kwenye kalenda. Sikumuuliza tuanzie wapi, nikaiweka tu mwanzo. Mama akapakua chakula. Mtoto akaenda kwa mwalimu.

Yaya alitazama dakika kumi, labda kumi na mbili. Kisha kichwa kikaenda ukutani, akalala. Usingizi wa mtu aliyepakia lori tangu alfajiri. Mikono yake ina nyufa, udongo umeingia humo, hautoki. Nikapunguza sauti. Alikuja mwanafunzi na karatasi zake, nikamfanyia ishara arudi baadaye.

Fundi alifunga tairi. Dereva akapiga honi. Yaya akafumbua macho, akauliza kama imeisha.

Nikamwambia bado.

Akatazama lori, akamwonyesha Odile kiganja: ngojeni. Halafu akasogeza kiti karibu na changu.