Mzee Asiyesalimiwa wa Nyantende

Kadutu, Bukavu
Tarehe 9 Novemba 1974

Kwa Shangazi yangu mpendwa Emérence,

Ukiifungua barua hii huko Kisangani, ujue nimepiga magoti nikikusalimu. Mgongo wako unaendeleaje? Kile kikohozi cha mvua kimekuacha? Sisi tunapumua. Mume wangu ni mzima, ila vidole vyake viwili havipo tena. Usishtuke, Shangazi, soma taratibu.

Kwanza niache nijisifu kidogo. Ni wiki saba za ndoa, na bado moyo unanidunda nikisikia viatu vyake uani. Kila asubuhi, kabla hajasema neno, Polycarpe ananigusisha kipaji cha uso wake, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu aliyetoka safari ndefu. Kisha anasema, “Jambo, maman ya watoto wangu.” Watoto wenyewe hawajazaliwa. Jirani yetu Georgette akisikia anacheka hadi anashika ukuta.

Hapa mjini salamu ina uzito kuliko kwetu Sange. Ofisini kwa Polycarpe kila mtu ni mwananchi, “citoyen” huku na “citoyenne” kule, na mkono kwa kila mtu. Kwa askari ni mambo mengine. Wiki yangu ya kwanza, kwenye barrière, kile kizuizi cha barabarani, fundi mmoja wa kujenga alisalimu mkono mmoja ukiwa mfukoni. Askari akamuuliza, “Unanisalimia, ao unanifichia kisu?” Akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Yule fundi aliokota meno yake mavumbini, akayatia mfukoni, akasalimu upya kwa mikono miwili. Nilidhani sitaona salamu mbaya kuliko ile.

Jumapili iliyofuata tukaenda Nyantende, kijijini kwao Polycarpe, nionyeshwe kwa ukoo. Polycarpe alivaa abacost yake ya kijivu, ile suti isiyo na tai, alikuwa mzuri hata nikashindwa kutazama njia. Alibaki nyuma kidogo akiongea na rafiki yake wa shule. Mimi nikakutana na mzee mwenye gunia la mihogo kichwani. Unajua tulivyolelewa: mkubwa hapitwi kimya. Nikapiga goti, nikampa mikono miwili. Mzee akaganda. Kisha akatua gunia, akaishika mikono yangu, akaniuliza baba hajambo, mama hajambo, ng’ombe wa kwetu wanakamuliwa, mvua imefika. Aliuliza kama mtu mwenye njaa. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Shangazi, huyo alikuwa Mzee Venant. Miaka kumi na mbili iliyopita mtoto wake alimpiga Firmin, kaka mkubwa wa Polycarpe, jembe la kichwa kwa ajili ya mpaka wa migomba. Firmin alikufa kabla ya jua kuzama, na muuaji akakimbilia Mwenga kwenye machimbo ya dhahabu. Tangu siku hiyo hakuna wa ukoo wetu anayemsalimu Venant, kwa sababu kumsalimu ni kusema kwamba damu ya Firmin imekwisha. Polycarpe alipaswa kuniambia. Anasema furaha ilimsahaulisha, na mimi namwamini.

Léopold, shemeji yangu, ndiye mkubwa wa nyumba sasa. Alituona kutoka shambani, akaja na panga lake mkononi.

“Bibi-arusi, unamushika nani mukono?”

“Iko muzee tu, shemeji.”

“Muzee? Kamata huyu muzee, basi.”

Akampiga mzee ubapa wa panga mdomoni, mdomo ule ule ulionijibu. Taya lilivunjika, nililisikia. Watoto wawili wa Venant wakatoka migombani na majembe, binamu zetu wakaja na mawe na fimbo. Mwanamke mmoja alipigwa jiwe jichoni akiwa na mtoto mgongoni. Léopold akainua panga mara ya pili juu ya kichwa cha mzee, na Polycarpe wangu akaingia katikati akinyoosha mkono wa kulia. Vidole viwili vya mwisho vilianguka kwenye majani ya maharagwe. Mawe na majembe yakashushwa chini.

Nilifunga kidonda kwa kitenge changu cha harusi. Hata pale, damu ikimchuruzika hadi kiwikoni, aliniuliza kama nimeumia. Nani mwingine ana mume kama huyu?

Jioni Léopold alitoa hukumu. Mkono wa mdogo wake ni kosa langu. Jumapili inayofuata, mlangoni mwa kanisa, nimpite Venant nikiwa nimegeuza uso, watu wote waone. Nikimsalimu tena, nitarudishwa Sange na nguo zangu, na mzee atamaliziwa pale pale. Polycarpe aliniambia chini chini, “Wakikurudisha, nitakufuata na sanduku langu.” Lakini angekuwa mtu asiye na ukoo, Shangazi, na yule mzee angekuwa maiti. Nikaamua kutii.

Siku ikafika. Léopold alikuwa nyuma yangu, panga ndani ya koti. Venant akaja kutoka upande wa pili, taya limefungwa kitambaa, uso umevimba kama wa mtu aliyezama majini. Nilipoona vile, magoti yangu yakaanza kukunjika yenyewe kumsalimu. Mungu ni shahidi, sikuyatuma.

Mzee aliyaona. Akatazama koti la Léopold, akatazama mkono wa Polycarpe uliofungwa. Kisha akatema mate yenye damu mbele ya miguu yangu, akanigeuzia mgongo.

Watu wakaguna. Léopold akacheka kwa nguvu. “Umeona sasa, bibi-arusi? Ulizania utapendwa?” Akanishika bega, mara ya kwanza kunishika kama ndugu, akaniingiza kanisani mbele ya wote.

Hilo neno usimwambie Baba wala mtu yeyote, maana Léopold akijua mzee alitema mate yale ili kuniokoa, atamuua. Tunaenda Nyantende kila Jumapili. Mzee akiniona ananipa mgongo, nami nampa wangu, polepole, bila haraka, kama mtu anayeitikia salamu. Nyantende wanasema uadui wetu umezidi. Waseme.

Nisalimie Tonton Donatien, Colombe na watoto wake, na bibi kipofu wa jirani yako. Mungu akulaze salama na akuamshe na nguvu.

Mimi wako, nikupendaye kwa moyo wote,
Adèle, mke wa Polycarpe