Kabati Lisilopita Mlangoni

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Sisi tu wazima, ila mjukuu wako ana mafua.

Mama, uamuzi umepita. Tangu tumzike baba, nyumba hiyo imekuwa kubwa mno kwako peke yako. Tarehe thelathini Aprili nakuja na gari kukuhamishia kwangu. Chumba chako kiko tayari. Usibishe, tafadhali. Anza kufunga vitu.

Kitindamimba wako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa mjukuu, mfunike kifua. Mimi mzima, isipokuwa kidole gumba nilichokigonga kwa nyundo. Usicheke!

Nimefungua sanduku la zana za baba yako. Miaka thelathini na tisa nilimshikia ubao akipiga msumeno, na macho hayana pazia. Nimeanza na rafu ya vyombo. Ya kwanza ilipinda, sufuria zikawa zinateleza zenyewe. Nikaing'oa. Ya pili imenyooka. Sasa natengeneza kabati la nguo, humo humo chumbani kwangu.

Kuhama sihami.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kidole kimepona? Huku mafua yamekwisha.

Kabati, mama? Kwa umri huo? Haya, limalize, tutalibeba. Ila pima mlango kwanza! Wanaojifunza hukosea hapo hapo: mtu anaunda kitu ndani, kisha hakitoki. Na tarehe ni ile ile.

Mwanao

5 Mei

Mama,

Shikamoo. Nilifika salama, ingawa gari lilirudi tupu na mgongo unaniuma mpaka leo.

Nina hasira, sikufichi. Mimi na dereva tulililaza ubavu lile kabati, tukalisimamisha, tukang'oa hadi mlango wa chumba. Wapi! Limezidi vidole vinne. Na kila kiungo umekipiga gundi, hakuna hata skrubu moja ya kufungua. Wewe umekaa kitandani unakunywa chai, unasema, "Lisipotoka kabati langu, na mimi sitoki." Dereva akacheka mpaka akakaa chini.

Nilikwambia pima mlango! Narudi mwisho wa mwezi na msumeno. Nitalikata vipande viwili, tuondoke.

Mwanao

16 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa mgongo, ujikande kwa maji ya moto. Mlango mliong'oa nimeurudisha kwenye bawaba mwenyewe, na siku hizi haulii.

Unasema sikupima? Mlango niliupima mara tatu kabla ya kukata ubao wa kwanza, kisha nikaongeza vidole vinne. Karatasi ya vipimo nimeibandika ndani ya kabati, upande wa kushoto. Soma tarehe yake. Ni siku niliyopokea barua yako ya kwanza.

Nakupenda, tena sana. Lakini mimi si mzigo wa kupakiwa garini. Baba yako yumo katika kila kizingiti cha nyumba hii, na mimi bado nina nguvu. Ng'ombe hazeeki maini. Nikichoka nitakuambia mwenyewe, kwa kinywa changu, na siku hiyo utalikata kabati nami nikikushikia ubao.

Msumeno uje nao, na uwe na meno makali. Wangu umekuwa butu, na nimeanza kitanda cha mjukuu wangu, alale akija likizo. Hicho nimekipima kipite mlangoni.

Mama yako, fundi