Kivuko ya Nne Siipendi

Jumatano, 2 Julai

Nimesahihisha madaftari ya darasa la tano mpaka saa kumi na moja. Nusu ya darasa bado hawajui kugawanya. Nimenawa chaki, nimekunywa chai, nimewasha gemu.

Kivuko ya nne imefika. Swadik aliituma jana kutoka Koboko kwa dereva. Desturi yangu ni ileile tangu ya kwanza: naicheza kwanza hapa Arua peke yangu, naandika maneno yake ya Kiingereza kwenye daftari kwa Kiswahili, halafu Jumamosi napanda gari, nakaa kwenye kiti changu katika kibanda cha video cha Swadik na kushika maiki. Mmoja anacheza, mabenchi yanatazama, mimi natafsiri kila kinachosemwa. Wengine hutafsiri filamu za Kichina. Mimi natafsiri Kivuko tu. Watu wa Koboko hawajawahi kuisikia bila mimi.

Leo nimecheza saa mbili na kuandika nusu ukurasa.

Siipendi.

Alhamisi, 3 Julai

Nimejaribu tena. Nilidhani jana ni uchovu. Si uchovu.

Katika zile tatu za mwanzo wewe ni Kora, bibi mzee mwenye mtumbwi. Vita viko nyuma, mto uko mbele. Unavusha watu. Ukipiga kasia wanakusimulia wao ni nani na wameacha nini nyumbani. Basi. Hakuna bunduki. Vita vilipofika kwetu, mama yangu alivuka mto kwenda Kongo akiwa msichana. Baba yake Swadik alikuwa mwanajeshi, akakimbilia Sudan na watoto mgongoni. Tulipoiweka ya kwanza kibandani, wazee walikuja kutucheka. Wakabaki mpaka mwisho, na mmoja alitoka nje kufuta macho akisingizia moshi wa jenereta.

Sasa Kora amekuwa kijana, ana mkuki na kifua cha mwanamieleka. Abiria hawasemi neno. Juu ya kichwa cha kila mmoja kuna namba. Mtumbwi ukiwa mzito unachelewa, na ukichelewa unapoteza alama. Kuna kitufe cha kumtupa abiria majini. Ukikibonyeza, skrini inaandika: Mzigo umepungua. Na muziki wa furaha.

Aliyeitengeneza hajawahi kukimbia hata mbwa.

Jumamosi, 5 Julai

Mvua ilinyesha asubuhi. Nikaomba watu wasije. Wakaja mpaka wengine wakasimama.

Aliyeshika vibonyezo ni Candia wa pikipiki, mtu wa Adumi aliyeoa Koboko. Alianza vizuri. Kwenye mkondo wa pili mtumbwi ukalemewa, akabonyeza asichokijua, na mama mmoja mwenye kitambaa chekundu akaanguka majini. Mzigo umepungua. Muziki. Watu wote wakanigeukia.

Maneno nilikuwa nayo kwenye daftari. Mdomo ukakataa. Nikasikia sauti yangu ya Kora inasema kwenye spika, kwa Kiswahili cha Koboko: "Huyu mama najua kuogelea. Imetangulia. Itatungoja ng'ambo."

Makofi mpaka mabati yakatetemeka.

Baadaye Swadik aliniletea chai kwa mkono wake. Uso mzima meno. "Dada Ezaru, hii imeshinda zile zote. Kweli ya Mungu." Nikanywa chai.

Jumatatu, 7 Julai

Kundi letu la simu linawaka. Watu wa Koboko, wa Arua, hata wa Ariwara, Kongo. Wote wanaisifu. Kivuko ya nne ina mbio, ya nne watu wawili wanacheza pamoja, ya nne haina maneno mengi. Haina maneno mengi! Wananiambia mimi.

Na wanamsifu yule mama anayeogelea. Mzee Kenyi wa Ludara, ambaye huja kila Jumamosi na kofia yake ya jeshi la zamani, ametuma ujumbe wa sauti. Anauliza kama mama alipata nguo kavu.

Nimeona aibu peke yangu chumbani.

Jumamosi, 12 Julai

Leo wametupwa tisa. Wote tisa nimewaogelesha.

Haikutosha kusema wameogelea, maana watu wanataka kujua walifika wapi. Kwa hiyo nimewajengea kijiji. Nimewapa muhogo, nimewapa mbuzi, nimempa yule wa kitambaa chekundu jina: Mama Sunday. Nilitunga huku skrini ikionyesha namba tu. Nilitokwa jasho kuliko siku ya ukaguzi shuleni.

Wakapenda. Mzee Kenyi alicheka mpaka akakohoa. Zaitun, fundi cherehani wa sokoni, hukaa benchi la mbele na Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Hakucheka. Alikuwa akisoma skrini, kisha ananiangalia mimi, kisha skrini.

Nimejitia kitanzi mwenyewe.

Jumatano, 16 Julai

Swadik amepiga simu wakati wa mapumziko ya saa nne. Ametengenezesha mabenchi mengine matatu. Anataka na Jumapili jioni. Halafu akauliza, "Na wewe dada, wewe naipenda?"

Nikasema ndiyo.

Miaka kumi na mbili. Tulianza na televisheni moja yenye mstari wa kijani katikati. Harusi yake nilisimama upande wa ndugu zake. Baba yangu alipokufa, Swadik alikaa kwetu siku nne akichanja kuni, na watu wa ukoo wakauliza huyu Mwislamu ni mtoto wa nani. Hajawahi kuniita jina tupu. Dada, siku zote dada. Na mimi namwambia ndiyo kama ninavyomwambia mkaguzi.

Nikisema kweli, nitapoteza kiti changu, na labda nimpoteze na yeye. Nisiposema, nitaendelea kuudanganya ukumbi mzima.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeamua. Kesho nitasoma kilichoandikwa. Neno kwa neno, bila chumvi. Wasikie wenyewe ilivyo mbaya. Wataichukia, Swadik ataitoa, tutarudi kwenye ya tatu. Sitahitaji hata kukiri.

Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii nzima. Yaani nitalala. Nimeandika mapema.

Jumamosi, 19 Julai

Niandike yote kabla sijaanza kujitetea.

Candia alicheza. Mtu wa kwanza akaanguka. Nikasema, "Mzigo umepungua." Wa pili. "Mzigo umepungua." Mtu akaguna nyuma. Nikafurahi moyoni, Mungu anisamehe.

Wa tatu akaanguka, na Candia akacheka. Kicheko cha mtu aliyegundua jambo. Akamtupa wa nne kwa makusudi, mtumbwi ukaruka kama pikipiki mpya. Kabla sijafungua mdomo kibanda kizima kikasema pamoja: mzigo umepungua! Wakaanza kuhesabu. Watano! Sita! Watu wazima, walimu wenzangu wawili, mama wa mandazi. Waliipenda zaidi. Bila Mama Sunday, bila kijiji, bila mimi, waliipenda zaidi.

Nikasimama. Nikapiga kelele kwenye maiki, si kwa sauti ya Kora, kwa sauti yangu ya darasani. Nikasema gemu hii ni takataka. Nikasema hakuna aliyeogelea, wote walizama, kijiji nilikitunga mimi, na nyinyi hamna macho.

Swadik alizima jenereta. Kukawa na giza na joto. Akaja mpaka mbele, akasema polepole, "Dada. Wewe nadanganya watu yangu wiki mbili?"

Nikasema gemu ni mbaya.

"Mimi hapana uliza gemu. Mimi nauliza wewe."

Akaichukua maiki mkononi mwangu. Hakuinyakua, aliichukua tu, kama unavyochukua kisu kwa mtoto. Nikatoka. Mzee Kenyi alikuwa amevua kofia, ameishika magotini. Hakuniangalia.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda kanisani. Nilifua. Nguo zote, hata safi.

Alhamisi, 24 Julai

Kundini wananichambua. Mwalimu anataka kila kitu kiwe somo. Mwalimu ana wivu na vitu vipya. Mwalimu amezeeka na Kora wake. Candia ameandika kwamba mimi nilipenda sauti yangu, sikupenda Kivuko. Hilo limeniuma kwa sababu sina hakika kama ni uongo.

Hakuna hata mmoja anayekubaliana nami kuhusu gemu. Hata mmoja! Watu ambao wanaweza kutaja abiria wote wa ile ya pili kwa majina.

Usiku uliopita Mzee Kenyi alituma ujumbe wa sauti kwangu peke yangu. Nimeusikiliza asubuhi, na tena mchana nyuma ya ofisi. "Mwalimu, mimi nasema kwa bibi yangu nyumbani, mama ya watoto yangu, yule mama imefika. Yeye nauliza kila Jumamosi. Mama yake mwenyewe ilibaki kwa mto, wakati ya kukimbia. Sasa mimi nasema nini kwa yeye?"

Hana hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

Nimeandika pole, nimefuta. Nimeandika pole.

Jumamosi, 26 Julai

Nimebaki Arua. Saa tisa, saa ya kushika maiki, mikono yangu haikujua pa kukaa. Nikapanga vitabu, nikavipangua.

Mtu ametuma kipande cha sauti kutoka kibandani. Zaitun ameshika maiki. Anasema haraka, anachekesha, anaita namba kama mpiga mnada wa ng'ombe. Gemu ile inataka hivyo hasa. Watu wanapiga kelele.

Ni mzuri. Ninamwonea wivu mkali. Nimeandika hapa ili nisimwambie mtu.

Jumatano, 30 Julai

Zaitun amenipigia. Nilidhani anataka kunidhihaki. Hakunidhihaki. Aliniomba nimfundishe namna ya kupumzisha koo, maana Jumapili sauti ilikauka. Nikamwambia maji ya vuguvugu, asile mbegu za simsim za kukaanga kabla.

Halafu nikamwuliza alijua tangu lini.

"Siku ya kwanza. Mimi iko nasoma skrini."

Kwa nini hakusema?

"Wewe iko mukubwa kwangu, dada. Na ile hadithi yako ilikuwa muzuri. Lakini gemu pia iko muzuri. Mimi naipenda kweli."

Nikamwambia mimi siipendi. Mara ya kwanza nalisema bila kupiga kelele. Akasema, "Basi, hapana penda," kwa urahisi kabisa. Kumbe lingeweza kusemwa hivyo siku ile ya chai, tukaendelea kunywa.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwandikia Swadik. Mistari minne. Sikutaja gemu. Nimesema nilikudanganya wewe na watu wako, na nilikusudia kuwakomoa, na nimekosa.

Ujumbe ameusoma saa saba na robo.

Jumatano, 6 Agosti

Swadik amejibu. Hakuna shida. Karibu Jumamosi.

Nimeyasoma maneno hayo manne mara nyingi mno. Hakuna shida ndiyo anayowaandikia watu wa mafuta ya jenereta.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda Koboko. Nilipita kumwamkia mke wa Swadik kwanza, akanipa chai, akauliza habari za mama. Kisha kibandani.

Kiti changu cha mbele kimeondolewa. Zaitun anatafsiri akiwa amesimama. Nilikaa benchi jipya, la tatu, kati ya mama wa mandazi na mtu nisiyemjua. Walisogea kidogo nipate nafasi. Hakuna aliyesema neno baya. Candia alinipungia mkono. Mzee Kenyi hakuwepo. Nikauliza. Wakasema hajaja tangu siku ile.

Nimeitazama Kivuko ya nne mpaka mwisho wake. Saa tatu. Nilijaribu kwa moyo wote kuona wanachokiona. Mbio nimeziona. Rangi nimeziona. Zaitun akiita namba, hata mimi mguu ulicheza. Bado siipendi. Watu walipiga makofi, nikapiga kwa ajili ya Zaitun, jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shingoni.

Watu walipotoka nilibaki kumsaidia Swadik kupanga mabenchi, kama zamani. Yeye upande mmoja, mimi upande mmoja. Alinishukuru. Aliniuliza shule inafunga lini. Aliniambia niangalie msumari kwenye benchi la nne. Ni mtu mwema, hajabadilika.

"Asante, mwalimu," alisema kwenye benchi la kwanza. Nilidhani anamwita mtu mwingine, nikageuka kuangalia mlangoni. "Pole pole hapo, mwalimu," kwenye la nne. Nikaukwepa msumari.

Tulipomaliza akafunga mlango, akavuta kufuli kuona kama imeshika. "Haya, mwalimu. Salimia mama."

Nikaitika.