Ndululu Alijuaje Nahama Benki?

Baba Mutheu,

Muthokoi uko kwa sufuria, pasha tu. Mbuzi wapate maji kabla jua halijatua. Ukimaliza kumsindikiza mgeni wako utapata nimeshaenda Kitui kufungua akaunti kwa benki nyingine. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitalala kwa dada yangu.

Unajua vile nimekuwa nikimshuku Musembi, yule karani wa benki hapa Mwingi tunayeimba naye kwaya, kuwa ndiye anatoa siri ya pesa zangu. Nikiweka pesa za ndengu Ijumaa, Jumapili Ndululu, mzee wa kanisa, ananiletea kadi ya mchango wa harambee huku akitabasamu.

Leo asubuhi nilienda kufunga hiyo akaunti. Musembi akanikalisha kwa benchi, akahudumia hata waliokuja nyuma yangu, halafu akasema meneja hayuko, nirudi Jumatatu. Nikaondoka bila kumwambia nilikuwa nataka nini.

Kufika nyumbani, nampata Ndululu ameketi kwa kiti changu, wewe unammiminia chai. Hata salamu hazijaisha, akaniambia: "Mama Mutheu, usihame ile benki. Musembi ni ndugu yetu katika Bwana."

Wewe ukaanza kutafuta sukari, na sukari iko mbele yako.

Musembi sikumwambia. Meneja hata sikumwona. Niliyemwambia nahama ni mtu mmoja tu, juzi, tukipura ndengu.

Kitui kuna benki zaidi ya moja. Usiniulize ni gani.

Kikombe cha Ndululu sijakiosha. Kioshe wewe.

Mama Mutheu