Namba ya Wilawan

Jumapili, 30 Machi

Wilawan kapiga simu kutoka Korea. Anarudi! Miaka saba ya kuchuma uyoga kwenye mabanda ya plastiki, na sasa anakuja kwa mwaka mpya wetu wa Aprili — na kuolewa pia. Mchumba ni Phichai, mtoto wa wenye duka la mbolea pale mjini Fang. Walikutana hukohuko kwenye uyoga. Nimelia kwa furaha. Furaha yenyewe haikudumu hata birika kuchemka, maana nimekumbuka namba.

Niandike tu, humu hasomi mtu. Miaka minne iliyopita, enzi za barakoa, nilimwandikisha Mohom, binti kibarua wa shamba la machungwa, kliniki kwa jina la Wilawan, kwa namba ya uraia ya Wilawan iliyo kwenye daftari letu la nyumba, lile la serikali. Mohom ni Mshan, kabila la ng'ambo ya mpaka, alivushwa mlima kutoka Burma akiwa mgongoni mwa mama yake. Namba hana, huku wala kule. Na huku kwetu asiye na namba hana kadi, asiye na kadi hana dawa. Alikuwa amebaki kilo thelathini na sita. Mimi ni mhudumu wa kujitolea wa wagonjwa wa VVU, navyo ninavyo mwenyewe tangu marehemu mume wangu Intha aniachie urithi huo. Kliniki nzima inaniamini. Nikasema huyu ni binti yangu, karudi. Nani angemvua barakoa?

Namba ya Wilawan ilikuwa imelala bure. Nikaiazima. Bila kumuuliza mwenyewe, ndiyo.

Jumanne, 1 Aprili

Bango jipya kliniki: AFYA KWA WOTE, ASIACHWE MTU. Picha yangu imo, nimekenua kama mjinga. Chini ya bango hilohilo Dada Orathai, muuguzi mkuu, katutangazia kwamba mfuko wa wafadhili uliokuwa ukiwalipia wasio na namba umefungwa. Wakubwa wa ng'ambo wamebadili mawazo. Mawazo! Watu wanabadili mawazo kama wanavyobadili soksi.

Mpango wangu ulikuwa nimhamishie Mohom kwenye mfuko huo kabla Wilawan hajafika. Zamani orodha ilijaa, safari hii nafasi ilikuwepo. Basi tena.

Nikazungukazunguka: na mjamzito asiye na namba je? Kadi ile wanayouziwa wahamiaji? Orathai akavua miwani. Akasema, Shangazi Bua, hospitali yetu haimuuzii aliyekwisha kuumwa, na wewe unajua, usinitie kilio asubuhi yote hii.

Miaka ile, kabla ya kadi, tulikuwa tunazika kila wiki. Kwenye misiba chakula nilichopika mimi waliwamwagia mbwa. Kisha dawa zikaja, kwa wote, tukaambiwa. Nikaamini kabisa kwamba yamekwisha.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda shamba la machungwa. Mohom anapalilia huku tumbo limemtangulia — mwezi wa tano. Kipimo cha mwisho virusi havikuonekana kabisa kwenye damu. Asipokosa dawa, mtoto atazaliwa salama. Akikosa... siandiki.

Nimemwambia Wilawan anakuja. Akacheka mpaka jembe likamtoka. "Mama Bua, sasa nikikutana naye nimwamkieje? Shikamoo mimi?"

Tukacheka wote wawili. Kisha akaniuliza kama Wilawan ni mkali. Nikasema sijui. Mtoto wangu mwenyewe, na sijui! Dawa zake zinaisha tarehe ishirini na mbili. Siku yake ya kliniki ni Jumatatu, ishirini na moja.

Ijumaa, 11 Aprili

Kafika! Nywele rangi ya shaba, mabegi manne, viganja vigumu kuliko vya baba yake. Kaniletea mizizi ya Kikorea, eti inaongeza kinga. Kanishika shavu, akasema mama umezeeka vizuri.

Kesho nitamwambia.

Jumapili, 13 Aprili

Sijamwambia. Nyumba imejaa wageni, barabarani watu wanamwagiana maji ya mwaka mpya. Siyo siku ya kusema neno kama hilo. (Kuna siku yake?)

Jumanne, 15 Aprili

Siku ya wazee. Wilawan na Phichai wamepiga magoti mbele yangu, wakanimiminia mikononi maji ya maua na kuniomba msamaha kwa lolote walilonikosea, kwa neno, kwa tendo au kwa wazo. Mwanangu ananiomba msamaha MIMI. Baraka zikanitoka mdomoni zenyewe, maneno yaleyale ya mama yangu, na maji yakanimwagikia sketi. Nilijiona mwizi aliyekaribishwa chai na aliyemwibia.

Mama Chanthana, mkwe mtarajiwa, alikuwepo na mikufu yake ya shingoni — dhahabu tupu. Akasema Alhamisi watoto wakapime damu, kisha twende hekaluni tukachaguliwe siku njema. "Ni desturi tu, mwenzangu. Usinielewe vibaya." Alikuwa ananitazama mimi. Wilaya nzima inanijua kwa bango.

Nikasema vizuri. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 17 Aprili

Niliamka na maneno tayari. Nikasema nikaange mayai kwanza. Mayai! Nikiwa bado jikoni gari la Phichai likapiga honi, Wilawan akatoka mbio na kandambili mkononi.

Wamerudi kabla ya saa nne. Phichai hakushuka garini.

Kumbe kliniki, dirishani, alikuwepo muuguzi mpya, mtoto wa juzi. Kachomeka kadi ya Wilawan kwenye mashine, akasoma, akasema kwa sauti: dada, siku yako ya dawa za VVU ni Jumatatu, mbona umewahi? Phichai yuko pembeni yake. Nyuma yao foleni.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimemwambia yote, nimekaa sakafuni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Damu yangu ni safi, mama. Wamenipima jana ileile, safi. Unajua Mama Chanthana kasemaje? Kompyuta haiwezi kusema uongo miaka minne. Kasema mama anao, binti anao, wametaka kutuambukiza."

Nikasema nilidhani hutarudi. Neno baya kuliko yote ningeweza kuchagua!

"Kwa hiyo ulinizika."

Nikasema hapana, binti yule alikuwa anakufa. Akasema: "Na mimi nilikuwa Korea, nimelala kwenye kontena, baridi inang'ata, nakutumia pesa ya kutibu meno yako. Ungepiga simu. Ungesema Wilawan, kuna mtu anakufa, nipe namba. Ningekupa! Hilo ndilo linaloniuma. Ningekupa."

Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nimemlisha mwanangu sahani nzima. Lakini niseme na hili, nalisema kwa hasira: siyo mimi niliyeamua kwamba dawa ziende kwa namba badala ya kwenda kwa mtu. Dawa zipo! Ziko kabatini pale, nazipanga kwa mikono yangu. Nimeiba jina kwa sababu kwa hao wakubwa kuwa mtu hai tu hakutoshi.

Orathai kapiga simu jioni. Anajua. Jumatatu Wilawan akaandike tamko kwamba namba yake ilitumiwa bila ridhaa. Faili litafutwa siku hiyohiyo, apewe barua ya kumwonyesha Mama Chanthana. Na mimi nirudishe fulana na kitambulisho cha kujitolea. Nikauliza, na mwenye dawa? Akasema faili likifutwa, limefutwa.

Jumapili, 20 Aprili

Nimemtumia Mohom ujumbe: kesho usije. Hajajibu.

Jumatatu, 21 Aprili

Naandika hapa kwenye benchi la kliniki, nyuma ya karatasi ya miadi.

Mohom kaja. Kwa miguu kutoka shambani, barakoa usoni. Kasema vimebaki vidonge viwili, angefanyaje? Kakaa kushoto kwangu. Wilawan yuko kulia, fomu ya tamko mapajani, kalamu ya Orathai mkononi. Kajaza yote isipokuwa sahihi. Nje Phichai anasubiri garini na mama yake. Walau kaja.

Kwa muda mrefu hawakutazamana. Kisha Wilawan akainama mbele yangu, akamuuliza kama mtoto anacheza. Mohom akasema sana, hasa akisikia kelele. Wilawan akauliza anazaliwa lini. Agosti. Nikamwona anahesabu kwa vidole juu ya fomu, Mei, Juni, Julai.

"Phichai hawezi kungoja hadi Agosti," akasema. Sijui alikuwa anamwambia nani.

Mohom akasema, "Saini, dada. Ni lako." Lakini mkono wake umeshika ukingo wa benchi mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

Muuguzi mpya kaita dirishani: Wilawan! Dawa!

Hakuna aliyeinuka.

Kaita tena. Watu wanageuka kututazama. Wilawan bado hajasaini, na Mohom ananitazama mimi. Naacha kuandika.