Bunduki ya Upepo Aliyoirudisha Shemeji

Jumanne, Buger

Nimemtukana shemeji Pascal mbele ya mama yake, na sijutii. Nilimwazima bunduki ya upepo afukuze ndege kwenye alizeti. Ameirudisha, kile kidude cha kulengea cha mbele kinacheza kama jino la mtoto.

"Mjinga wewe, ukikunja mtutu kuikoki unashika hapa katikati, siyo kwenye kidude!"

Aliondoka bila kuaga.

Jioni nikachomeka kipande cha bati chini ya kidude, nikakaza skrubu. Kikatulia. Nikakunja mtutu nijaribu kupiga kopo.

Mke wangu akaacha kupepeta maharage. "Baba Neema, na wewe mkono wako uko wapi?"

Ulikuwa umekikamata kilekile kidude. Kimelegea tena.

Pascal simwombi radhi. Mama mkwe, sijui nitamtazamaje.